Theluji ya Zamani Ndiyo Inayoua: Maporomoko ya Milimani Yanavyotokea

Kila mwaka kati ya Desemba na Aprili habari huwa ni zilezile: watu kadhaa wamefunikwa na poromoko la theluji huko Colorado au Utah nchini Marekani, au kwenye milima ya Alps ya Ulaya, na waokoaji bado wanachimba. Maswali yetu nayo hayabadiliki. Walifuata nini mlimani siku kama hiyo? Mbona kwenye picha jua linawaka na hakuna hata wingu? Nani alipiga kelele? Na kwa nini miongoni mwa waliokufa huwa kuna watu wazoefu, waliopanda milima hiyo nusu ya maisha yao?

Nadhani mkanganyiko wote huu unatokana na jambo moja ambalo taarifa za habari hulipita haraka. Mara nyingi tatizo haliko kwenye theluji iliyoanguka leo. Liko kwenye tabaka jembamba lililoanguka wiki au miezi iliyopita, likaharibika palepale lilipolala, kisha likafunikwa. Aliye juu yake haoni chochote. Akilielewa tabaka hilo, maswali mengine yote hujibika.

Tuanze na theluji yenyewe. Tusioishi nayo hudhani ni kitu kimoja kutoka juu hadi chini. Kumbe hujengeka tabaka kwa tabaka kadiri msimu unavyosonga: ya dhoruba ya Novemba iko chini, ya Desemba imelala juu yake, ya Januari juu zaidi. Tabaka moja ni gumu kiasi kwamba ukilikanyaga mguu hauzami. Jingine ni laini. Jingine ni ganda la barafu, kwa sababu jua liliyeyusha uso wa theluji mchana na usiku ukaugandisha tena. Ukichimba shimo na kuuchonga ukuta wake wima, kisha ukapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, unahisi kila tabaka linavyobadilika.

Maporomoko ya theluji yana aina mbili kuu. Kuna theluji isiyoshikamana, inayoanza kuteremka kutoka nukta moja na kupanuka kadiri inavyoshuka. Hayo ni mengi na kwa kawaida ni madogo, ingawa hata dogo linaweza kumsukumia mtu kwenye genge. Aina ya pili ndiyo inayoua wengi: bamba. Hapa tabaka lililoshikamana vizuri hukatika kwa mkupuo mmoja, upana wa makumi au hata mamia ya mita, na lote likaanza kuteremka pamoja. Mstari wa mkato huonekana juu kabisa mlimani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Ndani ya sekunde chache bamba limeshavunjika vipande na mwendo wake umepita kilomita 100 kwa saa. Hakuna mtu anayelikimbia.

Ili bamba literemke panahitajika vitu vinne: bamba lenyewe, tabaka dhaifu chini yake, mteremko mkali wa kutosha na kitu cha kulichochea. Mteremko wenyewe ni wa nyuzi 30 hadi 45 hivi. Chini ya nyuzi 30 ni nadra bamba kuondoka. Juu sana ya 45 theluji huwa inajimwaga yenyewe kidogo kidogo kabla haijajazana. Katikati, kwenye nyuzi 38 hivi, ndiko hatari iliko kubwa kuliko kote, na ndiko hasa wanaoteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni (skii) wanakokupenda.

Chukua sinia, tandaza sukari juu yake, kisha laza juu ya sukari kashata pana ambayo bado haijakatwa. Sinia likiwa bapa, hakuna kinachotokea. Liinamishe kidogo, kashata bado imetulia. Endelea kuliinamisha, halafu ibonyeze kona moja tu kwa kidole, na kashata nzima itateleza mara moja. Kashata haikuwa na kasoro. Ni ngumu na imeshikana. Kasoro iko kwenye sukari, ambayo punje zake hazishikani. Ugumu wa kashata ndio unaozidisha hatari, kwa sababu unafanya iondoke nzima badala ya kumeguka pale tu ulipobonyeza. Wapanda milima wa Marekani wenyewe huliita tabaka hilo theluji ya sukari.

Sukari hiyo inatoka wapi, wakati kutoka mawinguni imeanguka theluji ya kawaida? Hapa ndipo pa kutulia kidogo.

Ardhi chini ya theluji huwa na joto la karibu nyuzi 0, hata katikati ya majira ya baridi, kwa kuwa ina joto lililobaki tangu kiangazi na theluji imeifunika. Hewa ya juu, kwa upande mwingine, usiku wa Januari inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi 20 lazima igawanywe ndani ya unene wa theluji uliopo. Ikiwa theluji ina kina cha mita 2, kila sentimita 10 inabeba tofauti ya nyuzi 1. Ikiwa kina ni nusu mita tu, kila sentimita 10 inabeba nyuzi 4. Na ukishapita kiasi cha nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, theluji huanza kubadilika umbo. Mvuke hutoka kwenye punje za chini zenye joto, hupanda kupitia nafasi zilizomo na kuganda kwenye punje za juu yake. Vile viungo vidogo vilivyokuwa vimeziunganisha punje hupotea. Punje zenyewe hukua, zikawa na pembe na nyuso bapa zinazometameta.

Baada ya wiki kadhaa za hali hiyo, chini kabisa karibu na ardhi panakuwa na punje za milimita kadhaa, nyingine zina umbo la kikombe chenye mistari. Ukizichota kiganjani zinachuruzika kati ya vidole. Jaribu kuzifinyanga ziwe donge, hazifinyangiki hata ukivua glavu.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: theluji chache ni mbaya kuliko theluji nyingi. Mwaka ambao theluji ya kwanza inaanguka mapema, ikawa haba, kisha zikafuata wiki za anga angavu na baridi kali, msingi wa theluji hugeuka sukari karibu wote. Dhoruba kubwa ikija baadaye inajenga juu ya msingi huo. Ndiyo maana jimbo la Colorado, lililo ndani kabisa ya bara, mbali na bahari, lenye theluji nyembamba na usiku wa baridi kavu, ndilo linaloongoza Marekani kwa vifo vya maporomoko. Milima iliyo karibu na Bahari ya Pasifiki, kama Sierra Nevada ya California au Cascades ya Washington, hupata theluji nzito yenye maji. Huko dhoruba kubwa huleta maporomoko makubwa, lakini mara nyingi theluji hujishikamanisha ndani ya siku chache na hatari ikapungua. Colorado haipungui haraka hivyo. Sukari iliyofunikwa inaweza kukaa miezi.

Msimu wa 2020 hadi 2021 ulikuwa mfano wa wazi. Theluji ya mwanzo ilianguka, ukavu ukafuata, na msingi dhaifu ukajengeka katika sehemu kubwa ya milima ya magharibi mwa Marekani. Dhoruba za Januari na Februari zikalaza mabamba juu yake. Tarehe 6 Februari 2021, katika bonde la Mill Creek karibu na Salt Lake City, watu wanane wa makundi mawili yasiyohusiana walinaswa na poromoko moja, wanne walifariki. Hadi msimu unaisha watu 37 walikuwa wamekufa nchini kote, 12 kati yao Colorado. Kwa kawaida idadi ya Marekani huwa kati ya 25 na 30.

Kuna tabaka dhaifu la aina nyingine, na hili msomaji wa nyanda za juu anajua chanzo chake. Wakulima wa chai wa Limuru na wa Mufindi wanaifahamu jalidi: usiku usio na wingu wala upepo, ardhi inapoteza joto, na asubuhi majani yamefunikwa na fuwele nyeupe. Jambo hilohilo hutokea juu ya uso wa theluji. Fuwele zake husimama wima kama manyoya madogo, na asubuhi yenye jua hung'aa vizuri mno. Watu huzipiga picha. Ikiwa jua na upepo vitaziharibu, basi yameisha. Ikiwa theluji mpya itaangukia juu yake taratibu na kuzizika zikiwa zimesimama, basi limezaliwa tabaka jembamba la milimita chache ambalo dhoruba zijazo zitalikalia. Ni jembamba kiasi kwamba kwenye ukuta wa shimo unaweza kuliona kama uzi wa kijivu tu, au usilione kabisa.

Upepo nao huzidisha mambo. Huikokota theluji kutoka upande unaovumiwa na kuimwaga upande wa pili wa kilele, na unaweza kuirundika huko mara kumi ya kasi ya theluji inayoanguka kutoka angani. Maana yake ni kwamba bamba jipya linaweza kujengeka usiku ambao hapakuanguka hata chembe moja.

Sasa mtu anafika. Uzito wake haushuki mbali ndani ya theluji. Ukipita kina cha mita moja hivi unakuwa umetawanyika na kufifia. Pale bamba lilipo nene anapita salama, na wenzake watatu wanaomfuata wanapita salama. Wa tano anapita karibu na mwamba uliochomoza, mahali ambapo bamba ni jembamba. Uzito wake unaifikia sukari, punje zinaporomoka, na ufa unaanza kukimbia chini ya bamba, ukielekea kulekule kwenye unene walikopita wenzake. Kwa hiyo alama za waliotangulia si ushahidi wa usalama hata kidogo. Imani hii imeua watu wengi na inasikitisha kwamba bado ina nguvu.

Wakati mwingine mlima hutoa onyo. Unakanyaga na kusikia mngurumo mzito wa ghafla chini yako, na uso wa theluji unashuka kidogo. Hiyo ni sukari imeporomoka na hewa imesukumwa nje. Kama ulikuwa kwenye tambarare, umeonywa bure. Nyufa zinazotoka miguuni na kukimbia mbele ni onyo jingine, na maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani ndiyo onyo kubwa kuliko yote.

Ufa huo haujali kama wewe umesimama kwenye mteremko au la. Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass huko Colorado, kundi la watu sita lilikuwa likitembea chini ya mteremko unaotazama kaskazini, mahali paitwapo Sheep Creek. Walijua kuwa mteremko ule ni hatari, na nia yao ilikuwa kupita chini yake wafike mahali salama. Uzito wao ulitosha. Ufa ulipanda juu kupitia tabaka la sukari lililokuwa karibu na ardhi, bamba likakatika juu yao na kuwashukia. Watano walifariki. Aliyenusurika hakuzikwa mwili mzima, ila alikaa amebanwa kwa saa kadhaa hadi alipofikiwa. Angalia tarehe: Aprili. Tabaka lililowaua lilikuwa limejengeka mwanzoni mwa msimu, likasubiri muda wote huo.

Hapo pia tunapata jibu la suala la kelele. Sauti ya binadamu haina nguvu ya kuvunja tabaka dhaifu. Sinema zimetudanganya kwa miaka mingi. Baruti, inayotumiwa kuangusha mabamba kwa makusudi, hufanya kazi kwa sababu mlipuko wake unaipiga theluji kwa shinikizo kubwa mno kutoka karibu. Kwa upande wa vifo, takriban mara tisa kati ya kumi poromoko limechochewa na aliyefunikwa mwenyewe au mwenzake waliyefuatana naye.

Vituo vya utabiri wa maporomoko, kama kile cha jimbo la Colorado au taasisi ya Uswisi iliyoko Davos, hutoa taarifa kila siku ya msimu na kutaja hatari kwa viwango 1 hadi 5. Hapa pana mtego. Mtu akisikia 3 kati ya 5, anaona ni katikati, hali ya wastani. Lakini ngazi hizi hazipandi sawasawa. Kila moja ni kubwa kuliko iliyotangulia kwa kiasi kikubwa. Katika 3 maporomoko ya kujitokea yanawezekana, na kuchochewa na mtu ni jambo la kutarajiwa. Ni katika kiwango hicho cha 3 ndipo sehemu kubwa ya vifo hutokea, Ulaya na Marekani. Siku za namna hiyo ni nyingi, na watu bado wanatoka. Ikifika 4 au 5 dhoruba yenyewe huwa imeshawazuia wengi nyumbani.

Wazoefu huchimba shimo na kupima. Kipimo kimoja ni hiki: wanatenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, wakaikata nyuma kwa kamba au msumeno. Wanalaza beleshi upande mmoja wa nguzo na kuligonga mara kumi kwa kukunja kifundo cha mkono karibu na kiganja tu, mara kumi kwa mkono kuanzia kisugudi, mara kumi kwa mkono mzima kuanzia begani. Wanaangalia ufa unapoanzia, na hasa kama unakimbia hadi mwisho wa nguzo. Ukikimbia hata kwa kugonga kidogo, safari ya mteremko mkali imekwisha siku hiyo. Usipokimbia, umejua habari za shimo hilo moja tu. Mita 20 kutoka hapo theluji inaweza kuwa na tabia nyingine kabisa. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa ya wazoefu kufa: ujuzi unakupa majibu, na majibu ya mahali pamoja hushawishi kuliko yanavyostahili. Tena kila siku uliyorudi salama inaonekana kuwa uthibitisho kwamba uliamua vizuri, hata kama ulipita sentimita chache tu kutoka mahali pa kuchochea.

Aliyefunikwa ana muda mfupi sana. Poromoko likisimama theluji yake hugandamana, na mtu hawezi kuinua hata mkono ulio karibu na uso wake. Wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa hai. Ikifika nusu saa, wamebaki kama theluthi moja. Wengi hufa kwa kukosa hewa. Wengine kwa kugongwa miti na miamba kabla hata ya kufunikwa. Helikopta haifiki ndani ya dakika 10. Kwa hiyo waokoaji wa kweli ni wenzake waliosalia juu, na kila mmoja lazima awe na vitu vitatu: redio ndogo mwilini inayotuma na kunasa ishara, fimbo ndefu ya kukunjwa ya kuchomeka kwenye theluji, na beleshi la chuma. Yote matatu. Ishara bila beleshi inakuonyesha tu mahali rafiki yako anapofia.

Haya yote yanahusu milima ya wazi. Ndani ya viwanja rasmi vya kuteleza, walinzi hulipua miteremko alfajiri kabla ya kufungua, na hatari ni ndogo mno. Hata barabara hutunzwa hivyo. Madereva wa malori wa kwetu wanaopita barabara ya I-70 magharibi mwa Denver wakikuta imefungwa kwa muda, mara nyingi ni kwa sababu mabamba ya juu yake yanaangushwa kwa makusudi.

Pia isichanganywe na kuanguka kwa barafu. Watu 16 waliokufa Everest tarehe 18 Aprili 2014 waliangukiwa na pande la barafu, na 11 waliokufa Marmolada nchini Italia Julai 2022 walikutwa na kipande cha barafuto (mto wa barafu wa mlimani) kilichomeguka wakati wa joto. Hayo hayana uhusiano na tabaka la sukari.

Na Kilimanjaro? Theluji yake ni nyembamba, jua la ikweta huimaliza ndani ya muda mfupi, na haipati miezi ya kujirundika tabaka juu ya tabaka. Njia nyingi za kupandia ni za kutembea. Hatari za huko ni ugonjwa wa kimo na, upande wa Western Breach, mawe yanayoporomoka. Januari 2006 yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Denver, Salt Lake City au Uswisi na wanaalikwa kwenda kutembea kwenye theluji, raha ya milima hiyo inapatikana bila kuikaribia hatari hii. Soma utabiri wa siku hiyohiyo, usitosheke na kiwango pekee. Soma pia maelezo ya tabaka gani linasumbua na liko upande gani wa mlima, kwa kawaida pande zenye kivuli za kaskazini na mashariki. Chagua njia iliyo chini ya nyuzi 30, ambazo hata simu inaweza kukupimia. Kisha inua macho uangalie kilicho juu ya njia hiyo, kwa maana tambarare iliyo mguuni mwa mteremko wa nyuzi 38 ni sehemu ya mteremko huo.